Trekta la Mama Mkwe

Ukitoka Mwanza mjini kwa njia ya Shinyanga, miaka ile ambayo Mkolani ilikuwa bado mawe, mihogo na nyumba chache, ungemkuta Luhaga Malimi amesimama uani kwake akiisema vibaya mali anayotaka kuiuza. Akili zake zilikuwa timamu. Alikuwa fundi na mchuuzi wa matrekta madogo yaliyokwisha kutumika, yale ya bustani, yenye kimo cha ndama na injini ya kuwashwa kwa hendeli, ambayo Wazungu wa mboga na mapadri walikuwa wameyaleta kulimia vitalu vyao kando ya ziwa. Yakiwafia mikononi, Luhaga aliyanunua kwa bei ya chuma chakavu, akayakokota kwa maksai hadi Mkolani, akayafufua. Siku ya kuyauza ndipo wapita njia waliposimama kumsikiliza.

Aliweka mkono wa kulia juu ya boneti, mashahidi wawili wakiwa upande wa mnunuzi, kisha akaanza. Huyu jina lake Chongo, angesema, kwa sababu taa yake ya pili haikupatikana popote. Asubuhi ya baridi hutoa moshi mwingi. Mwache, utaisha wenyewe. Gia ya kurudi nyuma huingia kwa kubembelezwa. Tairi la kushoto lina kiraka kwa ndani, nimekitia mimi, lakini usimpitishe kwenye visiki. Aliyataja maradhi yote hivyo, moja baada ya jingine, na alipofika kwenye uzima wa trekta alisema maneno mawili tu akanyamaza, maana uzima, kwa maoni yake, ungejionyesha shambani.

Wafanyabiashara wa mjini walimcheka hadi mbavu zikawauma. Wahenga wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa huyu Msukuma wa Mkolani, walisema, ameamua kukitembeza kibaya kwa sauti ya mnada. Waache wacheke. Wao waliuza baiskeli zilizopakwa rangi juu ya kutu, na wanunuzi wao hawakurudi mara ya pili.

Luhaga hakuibuni desturi hiyo. Aliirithi kwa baba yake, mzee Malimi, mfugaji wa upande wa Misungwi, ambaye kwake ng'ombe hakuuzwa kimya. Muuzaji alishika kamba, akataja mbele ya watu kama ng'ombe hupiga teke, kama aliwahi kutupa mimba, kama chuchu moja imekufa. Kisha aliiweka kamba chini. Mnunuzi aliyeridhika aliiokota kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo ng'ombe alikuwa wake, na maradhi yake yakawa yake. Lakini kama ubaya ulifichwa na ukaja kujulikana, mnunuzi hakwenda kugomba. Alimrudishia muuzaji kamba tupu, bila neno, na mtu aliyerudishiwa kamba alikwepa minada mwaka mzima kwa aibu.

Ufundi wenyewe aliupata kwenye kinu cha kuchambulia pamba, chini ya mzee Yahaya, Mwislamu wa mjini ambaye babu zake walikuja Mwanza na misafara ya biashara wakalowea. Yahaya alikuwa na kofia ya vito iliyolowa oili na ulimi usiochoka kutania. Alimfundisha Luhaga kuisikiliza injini kabla ya kuigusa, kuchonga gasketi kwa kisu cha kukatia ngozi, na kushona chuma kilichopasuka kwa misumari ya shaba, mmoja ukiumana na mwenzake, hadi maji yasipate pa kutokea. Luhaga alipoacha kazi ya kinu kwenda kujitegemea, Yahaya alimwambia kwamba atarudi baada ya mwezi akiomba uji. Hakurudi, na Yahaya mwenyewe ndiye aliyekuwa akipanda basi kila kukiwa na mauzo, aje awe shahidi na anywe chai ya ushahidi, ambayo aliitaka iwe na tangawizi.

Miaka hiyo ilikuwa ya vuguvugu la Uhuru. Baadhi ya wenye bustani walianza kufunga mizigo, wengine walitaka tu kuondoa vyuma vilivyowajazia ghala, na Luhaga alikuwa pale na maksai wake. Kuna mtu mmoja, Chenge, aliyefanya kibarua cha kumwagilia kabichi pale Ilemela kwa miaka mingi, akiwa amekatazwa kuligusa trekta la bwana wake hata kulifuta vumbi. Alikuja Mkolani kununua trekta, na alilolikuta uani ni lile lile. Luhaga alipomaliza kutaja maradhi yake, Chenge alisema hayo yote anayajua, amekuwa akiyasikia kutoka kwenye kabichi. Aliondoka amekaa juu ya kiti chake, mgongo umenyooka, na njia nzima hadi Nyegezi watu walikuwa wakitoka nje kumtazama. Luhaga alisimama juu ya jiwe akamsindikiza kwa macho. Alijivunia, na hakuona sababu ya kuficha kwamba alijivunia.

Palikuwa na mtu mmoja tu ambaye mbele yake sifa za Luhaga hazikutosha, na mtu huyo alikuwa mama mkwe wake.

Wilhelmina alikuwa mjane wa Misungwi, Mkatoliki wa misheni, mwenye rozari mfukoni na jembe begani, kiongozi wa kikundi cha wanawake waliolimiana mashamba kwa zamu. Luhaga alipopeleka posa kwa binti yake Bernadeta, mama huyo alikuwa amekwisha kumpangia binti mwalimu wa shule. Alisema neno kwa watu, nalo, kama maneno yote ya namna hiyo, likamfikia Luhaga, kwamba mkono unaonuka grisi utatia weusi hata ugali. Bernadeta alimtaka mtu wa grisi, ng'ombe wa mahari walipelekwa, maradhi yao yakatajwa, ndoa ikafungwa. Lile neno la ugali lilibaki kwa Luhaga, limemkaa kooni.

Hakuwa na mahali pa kulijibu. Kwa watu wa kule, mtu na mama mkwe wake hawakabiliani. Wakikutana njiani, mkwe huingia majanini, mama hujifunika khanga usoni, kila mmoja akapita kama hakumwona mwenzake. Hawali pamoja, hawaitani, na likitokea jambo la lazima, husemwa kwa kupitishia: mtu huzungumza na mtoto, au mbuzi, au chungu kilichopo karibu, na mwenzake akasikia. Wilhelmina, pamoja na rozari zake, alizishika mila hizo kuliko wasiobatizwa. Kwa miaka yote hiyo ukwe wao ulikuwa wa heshima kubwa, na hawakuwa wamewahi kusemezana.

Basi fikiria moyo wa Luhaga ulivyoruka, mwaka wa sitini na moja, pamba ilipokwisha kuuzwa, Bernadeta aliporudi kutoka kwao na salamu. Wanawake wa kikundi wamechanga. Wanataka trekta dogo, walime nalo msimu wa Uhuru, na mama amesema halitafutwi kwingine isipokuwa Mkolani. Luhaga alikuwa amelala chini ya Chongo akifunga nati. Alitoka uvunguni polepole, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akauliza kama ndivyo alivyosema, hasa, Mkolani. Ndivyo.

Aliwatengenezea Mabaka. Huyu alitoka kwenye bustani moja ya Ilemela, akiwa na rangi nyekundu iliyochakaa, na Luhaga alimziba kwa mabaki ya rangi aliyokuwa nayo, kijani hapa, bluu pale, ndipo akapata jina. Kwa nguvu hakuwa na mfano wake katika yote yaliyopita uani pale. Alianza kwa petroli, akipata joto unamhamishia mafuta ya taa, na ananguruma siku nzima. Lakini alikuwa na maradhi matatu. La kwanza, hendeli yake ilipiga teke wakati wa kuwasha, na asiyeweka gumba upande mmoja na vidole vingine angeweza kuvunjwa gumba. La pili, alikunywa oili. Ilifaa asimamishwe saa sita apimwe. La tatu ndilo kubwa: kichwa cha injini kiliwahi kupasuka, Luhaga akakishona kwa shaba. Mshono ulikuwa safi, hata Yahaya aliusifu, na Yahaya hakuwa mtu wa kusifu. Ila maji ya baridi yasimwagwe kamwe kwenye rejeta wakati injini imechemka, maana chuma kingeshtuka na ufa kufunguka tena.

Wilhelmina alikuja mwenyewe na Ngosha, mtoto wa dada yake, aliyejifunza udereva kwenye lori la pamba. Mama akaingizwa ndani, akaketi na binti yake nyuma ya pazia. Ngosha akabaki uani akimzunguka Mabaka, meno yote nje. Yahaya alikuwa amekwisha kuketi kwenye gogo lake la ushahidi. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mdomo wa Luhaga.

Alisimama na mkono juu ya boneti, neno halikutoka. Bernadeta alitoka ndani akamnong'oneza kwamba kama ni taabu, ampe yeye hayo maradhi akamwambie mama. Yahaya akasema Ngosha yupo, si ataje kwa Ngosha. Luhaga akajibu kwamba maradhi hutajwa na muuzaji mbele ya mnunuzi, hayatumwi, na mnunuzi wa leo ni mama mkwe. Mtu atasimamaje amtajie mama mkwe wake kasoro? Jibu lilikuwa zuri. Kila aliyekuwa pale alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu haya ya ukwe ni jambo la kuheshimiwa.

Lakini haya hiyo ilikuwa ya kuwaonyesha watu. Ukweli ni kwamba mama yule alikuwa amemwomba kitu kwa mara ya kwanza, na Luhaga hakutaka neno la kwanza kutoka kwake liwe ufa. Alitaka mkono wa grisi uonekane umetoa kitu kisicho na doa. Akamgeukia mkewe, akasema kwa sauti ya kusikika ndani, "Mwambie ni mzima."

Wilhelmina alitoka, khanga usoni, akaokota hendeli ambayo Luhaga alikuwa ameiweka chini, kama inavyookotwa kamba, wakaondoka. Yahaya alitengeneza kofia yake. Chai ya tangawizi ilipoletwa hakuigusa. Alisema chai ile ni ya ushahidi, na leo hakushuhudia kitu.

Mabaka aliingia Misungwi kwa vifijo. Mvua za kwanza zilipolainisha ardhi, wanawake walimfuata nyuma wakiimba na majembe begani yasiyo na kazi, na jirani zao waliokuwa wakiinama mashambani walinyoosha viuno kutazama. Ngosha alipigwa teke na hendeli siku ya pili, gumba likavimba kama kiazi, akadhani ni uzembe wake, akalifunga kitambaa. Oili ilipungua, hakuna aliyepima. Mchana mmoja wa jua kali, wakiwa wanamalizia shamba la tatu, moshi wa maji ukaanza kufuka mbele. Ngosha, kwa huruma kabisa, alikimbia kisimani, akachota ndoo, akammwagia Mabaka maji ya kunywa kama anavyonyweshwa ng'ombe aliyechoka. Chuma kililia kwa mlio mmoja mkali. Baada ya hapo hapakuwa na sauti nyingine shambani.

Jirani wakapata la kusema. Mkwe ameuza mzoga ukweni, walisema, na wakaliimba hilo kwenye ngoma.

Siku chache baadaye Bernadeta alikuwa akianika dagaa juu ya mawe pale Mkolani alipomwona Ngosha anashuka kwenye basi, amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye khanga. Ngosha alimpita ndugu yake, akaenda moja kwa moja kwa Luhaga, akampa kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema, "nimetumwa hii."

Luhaga alifungua. Ilikuwa hendeli, imefutwa, imepakwa mafuta, haina hata chembe ya udongo. Ngosha hakuwa na ujumbe mwingine, na macho yake aliyaelekeza kwenye gumba lake lililofungwa. Luhaga aliketi chini pale pale, mbele ya Chongo. Katika maisha yake yote alikuwa hajaona kamba ikirudi nyumbani kwa Malimi. Aliona aibu iliyomfanya ashindwe kumpa shemeji yake hata kiti.

Habari hukimbia kuliko basi. Mtu wa Usagara aliyekuwa amchukue Chongo alikuja, akasikiliza maradhi yakitajwa, akauliza kama hayo ndiyo yote. Akauliza tena. Kisha akasema atafikiri. Luhaga aliyekuwa akiaminiwa kwa ubaya aliousema, sasa hata ubaya wake haukuaminiwa. Mzee Yahaya alipokuja hakumtania, na hilo lilimtisha Luhaga zaidi. Alimwambia kwa upole tu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akaomba maji ya kunywa.

Jioni hiyo Luhaga alimwambia mkewe ukweli. Kwamba haikuwa haya ya ukwe. Kwamba alitaka mama yake amwone mtu.

Bernadeta aliendelea kupepeta. "Anakuona mtu tangu siku ng'ombe wale walipotajwa maradhi," akasema. "Hajakwambia kwa sababu hamzungumzi."

Luhaga akafunga vifaa vyake, akamchukua Yahaya, wakaenda Misungwi. Walimkuta Mabaka chini ya kibanda cha nyasi nje ya boma, amesukumwa na wanawake wenyewe. Walifungua kichwa. Ufa wa zamani ulikuwa umefunguka na kuongeza njia mpya hadi karibu na tundu la plagi. Yahaya alishika taa, Luhaga akatoboa kwa drili ya mkono, tundu baada ya tundu, akakata uzi wa skrubu ndani yake, akakaza msumari wa shaba, akaukata, akaupigilia, akahamia wa pili ukiuma ubavu wa wa kwanza. Kazi hiyo haina haraka. Wanawake walipita asubuhi kwenda mashambani na majembe yao, wakapita jioni wakirudi, wakasalimia kwa adabu bila kusimama. Chakula kililetwa na Bernadeta, kizuri, na kingi, kama anavyostahili mkwe. Kikimezwa kilikuwa kichungu.

Mabaka alipowaka, Yahaya aliinamisha sikio kwenye boneti akatabasamu. Hapakuwa na mkwaruzo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alisema, na utani wake ukarudi, akaanza kudai chai. Luhaga alimwacha Mabaka angurume muda mrefu ili boma zima lisikie, na kwa mara ya kwanza tangu hendeli irudi alihisi kifua chake kikijaa.

Hakuna aliyekuja kumchukua. Asubuhi wanawake walipita na majembe. Kesho yake vile vile. Mvua zilikuwa zinanyesha, mashamba ya pamba yalikuwa yamelimwa nusu tu, na trekta zima lilikaa kibandani kuku wakilala kwenye kiti chake. Hatimaye Bernadeta akaleta neno kutoka ndani ya boma. Mama yake alikuwa amezungumza na chungu, naye akiwa karibu. Alikiambia chungu kwamba ng'ombe ambaye maradhi yake hayakutajwa haingii zizini kwake, hata akiwa mnene namna gani.

Luhaga alielewa. Angeweza kumrudisha Mabaka Mkolani, na jina lake lingeishia hapo. Angeweza kumwacha, na msimu wa wanawake wale ungepita. Au angeweza kutaja, kwa mdomo wake, mbele ya mnunuzi, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Yahaya alishauri basi angoje sherehe za Uhuru zipite, maana zilikuwa mlangoni, wageni waondoke, ayataje kimya kimya mbele ya wawili watatu.

"Niliposifiwa nilisifiwa mbele za watu," Luhaga alisema. "Nitataja mbele za watu."

Siku yenyewe ya Uhuru, tarehe tisa Desemba, boma la Wilhelmina lilijaa tangu alfajiri. Kikundi chake kilikuwa kikusanyike pale kabla ya kwenda uwanjani. Walikuja na khanga mpya, na bendera ndogo za kijani, nyeusi na dhahabu, na ngoma zilizokuwa zikikaushwa juani ngozi zikazwe. Walikuja pia wale jirani wa wimbo. Luhaga na Ngosha walimsukuma Mabaka hadi mbele ya ua wa minyaa uliozunguka boma. Watu wakadhani anaondolewa, wakanyamaza ili wafurahie vizuri.

Nyuma ya ua, Wilhelmina alikuwa ameketi penye vyungu. Alionekana ukingo wa khanga yake tu. Luhaga aliupa ua mgongo, kama inavyotakiwa mkwe. Akaweka mkono wa kulia juu ya boneti, akazungumza na trekta.

"Mabaka," alisema, "hendeli yako hupiga teke. Anayekuwasha aweke gumba upande mmoja na vidole, asilizungushe kwenye hendeli. Unakunywa oili, usimamishwe saa sita, upimwe. Kichwa chako kimepasuka mara mbili. Mara mbili nimekishona. Ukichemka, uachwe upoe kivulini, usimwagiwe maji ya baridi hata kama unatia huruma. Hayo ndiyo maradhi yako."

Watu walianza kupumua, wakidhani amekwisha.

"Liko la aliyekuuza," akaendelea. "Aliyajua haya yote siku ya kwanza. Akasema wewe ni mzima. Hakuzuiwa na ukwe. Alitaka asifiwe na mtu mmoja ambaye hakuwahi kumsifu."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja aliyekuwa akijaribu ngoma alilaza kiganja juu yake. Luhaga akachukua ile hendeli, imefungwa tena ndani ya khanga iliyoletwa nayo, akaiweka chini mbele ya Mabaka, akaenda hatua chache akasimama akitazama barabara.

Kisha sauti ilitoka nyuma ya minyaa, nzito, ya mtu aliyezoea kuongoza nyimbo za kulima. Nayo ilizungumza na trekta.

"Mabaka, nami nikutajie maradhi ya zizi unaloingia. Mwenye zizi hili hana subira, saa sita hapendi kusimama. Siku ya kwanza aliona shaba inang'aa kichwani mwako. Alitaka kuuliza, lakini nani amuulize mkwe? Akanyamaza, wewe ukaumia. Na zamani aliwahi kusema neno juu ya mkono wa mtu na ugali." Ikatulia. "Ugali ule binti yangu anaula mpaka leo, na amenenepa."

Hapo kicheko kilipasuka boma zima, cha wanawake kwanza, na cha Yahaya kikiwa juu ya vyote. Luhaga hakuweza kugeuka. Alisikia lango la miti likisogezwa. Alisikia miguu mikavu ikipita kwenye changarawe, na watu wakinyamaza mmoja mmoja. Alisikia khanga ikifunguliwa, na chuma kikiokotwa kutoka chini. Ngosha akasema, "Mayu, mama yangu, niachie mimi." Hendeli ikaingia tunduni mwake kwa ule mgongano ambao Luhaga aliujua kuliko sauti ya mlango wa nyumba yake.

Mama yule alikuwa mtu wa makamo, na Mabaka, akiwa amekaa siku kadhaa bila kuwashwa, hakuwa na adabu kwa mtu yeyote. Mzunguko wa kwanza ulikohoa. Wa pili, chuma kikarudi kwa kishindo. Lile teke lenyewe, Luhaga alilisikia hadi kwenye mifupa yake. Alingoja ukelele. Ukelele haukuja. Mzunguko wa tatu Mabaka alishika, akanguruma, mabati ya jikoni yakatetemeka, ngoma zikadakia, na wanawake wakapiga vigelegele vya Uhuru kabla hawajafika hata uwanjani.

Luhaga alikuwa akilia na kucheka, ametazama barabara, mikono yake ya grisi imening'inia wazi mbele ya watu wote. Hakugeuka. Alijua, bila kuona, gumba la mama mkwe lilikuwa upande gani.